Jinsi ya kununua askari wadogo wa mezani bila kuuza shamba

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa historia, rafiki yangu wa siku nyingi, alinipigia simu kwa furaha ya mtu aliyepata pesa ya pembeni. Anataka wanafunzi wake wayacheze Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 juu ya meza: wasogeze vikosi kwa mikono yao, warushe dadu, waone ilikuwaje wanajeshi wapatao 8,000 wa upande wa Waingereza waliotoka Bombay wakashindwa na 1,000 hivi wa upande wa Wajerumani. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, ninunue askari gani?" Tayari alikuwa ameweka kwenye kikapu cha mtandaoni askari kumi na wawili wa madini, wazuri kweli, kwa pesa ambayo ingenunua nusu ya jeshi.

Nikamwambia aufunge ukurasa ule, aje nyumbani na rula na kikokotoo.

Hatua ya 1: Chagua mapigano, usichague vita

Ukisema "nataka Vita Kuu ya Kwanza" utanunua vitu vya miaka minne na bara zima. Taja siku. Shambulio kubwa la Tanga lilikuwa tarehe 4 Novemba, lakini siku moja kabla yake vikosi viwili vya Kihindi, Rajput wa 13 na sehemu ya Pioneer wa 61, walijaribu kuingia mjini wakarudishwa mbio. Anza na hilo dogo. Ukilipenda utaongeza, usipolipenda hujapoteza kitu.

Hatua ya 2: Hesabu vitako kwanza

Askari wa mezani hawasimami mmoja mmoja, labda kama mchezo wako ni wa doria ya watu kumi. Tunawabandika watatu watatu juu ya kipande cha hadibodi, na kile kipande ndicho kinachosogezwa. Mimi huita kitako. Kwa hiyo swali la kwanza ni kitako kimoja kinasimama badala ya watu wangapi.

Kampuni moja ya Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, ilikuwa na askari 160 hivi pamoja na Wajerumani wachache. Tukasema kitako kimoja ni kampuni moja. Upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani: 1,000 gawanya kwa 160, vitako 6, tukaongeza kimoja kwa ajili ya bunduki za rashasha. Vitako 7 mara askari 3 ni 21. Upande wa Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza: 8,000 gawanya kwa 160 ni vitako 50, yaani askari 150.

Mwalimu akanyamaza kidogo. Alikuwa amepanga kutumia pesa nyingi kwa askari wa Kijerumani kwa sababu ndio wanaompendeza, kumbe anayekula bajeti ni Aitken.

Sasa weka bei. Askari mmoja wa madini wa milimita 28 (ukubwa nitaueleza Hatua ya 3) kwa bei za Uingereza ni kama pauni 2, na mara nyingi zaidi. Hao 171 ni zaidi ya pauni 340 kabla ya usafiri. Sanduku la plastiki la skeli ya 1/72 ni kama pauni 10, ndani askari wa miguu 40 hadi 50. Masanduku matano yanatosha. Ukipunguza hadi askari wawili kwa kila kitako, manne yanatosha na chenji inabaki. Na kuna ujanja wa zamani: kikosi kilichovunjika kikatoka mezani kinarudi baadaye kikiwa kikosi kingine. Wahindi 75 wanaweza kuwa 150 bila mtu kulalamika.

Kama hata pauni 50 ni nyingi, usione haya kutumia karatasi. Tovuti ya Junior General ina askari wa karatasi wa kuchapa bure wa enzi nyingi. Nenda steshenari, chapa kwenye manila, kunja, gundisha. Mimi nilicheza miaka miwili kwa karatasi na wala sikufa. Printa za 3D za resini nazo zinatoa askari wazuri, lakini usiniulize, sipendi kuvaa glovu sebuleni.

Hatua ya 3: Ukubwa. Soma hapa mara mbili

Hapa ndipo nilipopoteza wikiendi mbili na nusu ya hamu yangu ya mchezo huu, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza Wahindi kutoka kwa muuzaji mmoja na Waingereza kutoka kwa mwingine. Wote waliandika "28mm". Walipofika nikawasimamisha pamoja. Waingereza walikuwa mapande ya watu, mikono minene kama magogo, na Wahindi wakaonekana kama watoto wao waliowapeleka shule. Muuzaji hakunidanganya hata mmoja. Mjinga nilikuwa mimi, nisiyejua maana ya ile namba.

Kuna lugha mbili za kutaja ukubwa, na hazisemi kitu kimoja.

Ya kwanza ni skeli, kama ya ramani: 1/72, 1/56, 1/100. Hii ni hesabu ya darasani. Chukua mtu wa mita 1.70, yaani milimita 1,700, ugawanye. Kwa 1/72 anakuwa milimita 23.6. Kwa 1/76 ni 22.4. Kwa 1/100 ni 17. Kwa 1/56 ni 30.4.

Ya pili ni milimita: 6, 10, 15, 20, 28. Hapa fujo inaanza, kwa sababu kila mtengenezaji anapima anavyojua. Mmoja anapima kutoka unyayo hadi machoni, mwingine hadi utosini. Askari wa milimita 28 hadi machoni anafika kama 30 ukimpima hadi utosini, na ukimvika kofia ya jua ndiyo basi tena. Ndiyo maana watu wengi huhesabu 28mm kuwa sawasawa na 1/56, ingawa kikokotoo kinakuambia mtu wa 1/56 ni milimita 30.

Halafu kuna unene. Wachongaji wengi wa 28mm hukuza kichwa, viganja na bunduki ili rangi ikae vizuri na sura ionekane kwa mbali. Askari wawili wanaweza kulingana urefu kabisa na bado wasifanane, mmoja binadamu, mwingine kinyago cha duka la watalii. Kwa hiyo usipime urefu peke yake. Pima bunduki. Lee-Enfield fupi ilikuwa na mita 1.13, kwa 1/72 inatakiwa iwe karibu milimita 16. Ukikuta 20, huyo jamaa amekuzwa, na wenzake wembamba wataonekana wameshika fimbo za mswaki.

Usiamini picha ya kwenye sanduku, ile ni mchoro. Usiamini pia picha ya muuzaji, maana pale askari wa sentimita mbili anajaza skrini nzima. Kwa plastiki ya 1/72 nenda tovuti ya Plastic Soldier Review. Wanapiga picha askari wenyewe wakiwa hawana rangi, mkao baada ya mkao, na wanatoa alama kwa usahihi wa kihistoria na uchongaji. Mimi siagizi sanduku ambalo sijaliona pale, hata liwe la bei ya bure.

Angalizo la vitu vya zamani. Masanduku ya zamani ya kampuni ya Airfix yaliandikwa HO/OO, lugha ya reli za kuchezea. HO ni 1/87 na OO ni 1/76, kwa hiyo maandishi yenyewe hayajaamua. Ukipata ya mtumba, hesabu kwamba ni wafupi kuliko 1/72 ya leo.

Sasa kanuni zangu, ambazo hazipo popote ila kwenye daftari langu:

Tofauti ya milimita 1 si kitu, hata binadamu hatulingani. Tofauti ya milimita 2, wasikae kitako kimoja. Weka kila aina kwenye kikosi chake. Jicho linalinganisha walio karibu, sentimita 30 zikipita halijali. Tofauti ya 3 au zaidi, wasikae meza moja. Na kama umeshanunua, kata manila uwainue wafupi kwa kuongeza unene chini ya miguu, kisha funika kwa mchanga. Nilifanya hivyo kwa Wahindi 36. Vipande vinne vinne kila mmoja. Hesabu mwenyewe ni mikato mingapi, halafu utaelewa kwa nini hatua hii ni ndefu.

Njia rahisi kuliko zote: upande mzima toka kwa mtengenezaji mmoja. Ikishindikana, kila kikosi toka kwa mtengenezaji mmoja.

Na ukiniuliza moja kwa moja ukubwa gani: 1/72. Milimita 28 ni ya kupaka rangi na kujivunia. Milimita 6 ni nzuri kwa majeshi makubwa, Baccus wanazitengeneza vizuri, lakini mwanafunzi aliye upande wa pili wa meza haoni kitu ila punje za uwele.

Hatua ya 4: Plastiki laini au ngumu

Pinda ncha ya bunduki kwa kidole. Ikipinda ikarudi, ni laini. Masanduku mengi ya 1/72 ni hivyo. Ikigoma, ni ngumu, kama Perry, Victrix na Warlord wa 28mm.

Ngumu haina shida: gundi ya plastiki inaiyeyusha na kuiunganisha, rangi inashika. Laini ndiyo yenye kiburi. Gundi ya plastiki haiigusi, na rangi inabanduka kama magamba siku mtoto akimpinda askari. Waoshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa sababu wanatoka kiwandani na mafuta ya kalibu waliyomiminiwa. Wakauke usiku kucha. Kisha wapake gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kidogo kwa maji, ndipo rangi ya akriliki, mwisho vanishi. Rangi ya mafuta ya dukani ya kupakia mageti usijaribu. Najua ni ya bei rahisi. Usijaribu.

Hatua ya 5: Usipowapata, waazime kwenye vita vingine

Askari wa Schutztruppe alivaa kaki na tarbushi yenye kifuniko cha kaki, na kitambaa cha kukinga shingo. Sasa mtazame askari wa Legioni ya Kigeni ya Ufaransa wa plastiki: kofia yenye kitambaa shingoni. Kata pindo la koti lake refu kwa wembe, inua kofia kidogo kwa tone la gundi, mpake kaki. Mtu aliyesimama mita moja kutoka mezani hatakubishia.

Wahindi ni kazi zaidi kwa sababu ya vilemba. Tishu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe, ikasokotwa na kuzungushwa kichwani, inatoa kilemba kizuri. Ishirini kwa jioni moja ndio mwisho wangu, baada ya hapo vinageuka kuwa vitunguu. Waingereza wa Loyal North Lancashire ni rahisi, mwanajeshi yeyote mwenye kaki na kofia ya jua anawatosha.

Hatua ya 6: Agiza

Plastiki, si madini, kwa sababu usafiri unalipia uzito. Agizeni wawili watatu kwa pamoja. Weka akiba ya ushuru na VAT, ambayo Tanzania ni asilimia 18. Kama una ndugu Ulaya anayerudi Krismasi, masanduku matano ya 1/72 hayana uzito wa jozi ya viatu. Mwombe kwa adabu, na mapema.

Hatua ya 7: Rangi

Kaki kwa wote, ngozi, bunduki, basi. Vikosi vitofautishe kwa rangi ya ukingo wa kitako.

Hatua ya 8: Mizinga

Namaanisha ya nyuki. Pale Tanga mizinga ya magogo ilining'inia mitini, ikavurugwa na risasi, nyuki wakawashukia watu. Kikosi cha 98 cha Wahindi kilitimuliwa kabisa. Mchezo wa Tanga usio na nyuki ni mchezo wa mji mwingine. Usinunue chochote: kata njiti za mishikaki vipande vya sentimita moja, vitundike kwa uzi kwenye miti yako, na kwa nyuki wenyewe gundisha ufuta kwenye duara la karatasi la ukubwa wa sarafu. Dadu ikitua kwenye 6 kikosi kikiwa chini ya mti, weka duara juu yake, kinarudi nyuma.

Tengeneza maduara matatu na uyapige vanishi pande zote. Ya kwanza ya mwalimu hayakupigwa, akayaacha kabatini mwa darasa, na Jumatatu sisimizi walikuwa wamemaliza nyuki wote wakaacha karatasi.