Kabla ya Kuiacha Lami: Usukani, Vikanyagio na Namna ya Kusimama

Kutoka kisiwani Mombasa hadi Kwale kwa pikipiki, iwe umevuka feri ya Likoni au umezunguka Dongo Kundu, lami inakuruhusu kuketi ukatulia. Ukishaingia njia za vumbi huko ndani Kinango mambo hugeuka: kwenye mawe na mchanga unasimama, na usukani uliokufaa ukiwa umeketi huenda sasa uko magotini. Kwa hivyo pikipiki na ipimwe kwa mtu aliyesimama, na ipimwe nyumbani jana yake.

Wengi hukimbilia gereji kuinuliwa usukani. Mimi naona hilo liwe la mwisho. Anza na miguu. Mwambie mwenzako aishike pikipiki wima, panda usimame, ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo. Magoti yakunjike kidogo na kulibana tangi. Nyonga ziwe juu ya vikanyagio, zisiachwe nyuma. Sasa achilia vishikio. Ukibaki umesimama, uzito uko miguuni unakotakiwa. Ukianza kuanguka nyuma, ujue ulikuwa unaning'inia kwa mikono, na hakuna usukani utakaokuponya hilo. Wenye pikipiki za bodaboda watazame pia mpira wa vikanyagio: ukilowa, huteleza vibaya.

Ukiwa umesimama hivyo, nyoosha mikono mbele huku viwiko vikiwa vimekunjika na kutoka nje. Viganja vikutane na vishikio bila mgongo kupinda. Visipokutana, usinunue kitu bado. Legeza bolti za kibanio kinachoushika usukani, uuzungushe wenyewe. Pa kuanzia ni pale ambapo sehemu yake inayoinuka inafuata mwinamo wa uma wa gurudumu la mbele. Kutoka hapo, songeza kidogo kidogo. Ukiulaza sana nyuma, vishikio vitakufuata magotini kwenye kona.

Ikiwa bado unainama, na hasa kama wewe ni mrefu, ndipo uweke vipande vya kuinulia usukani. Milimita 20 hadi 30 huwatosha wengi. Kuzidisha kuna gharama yake: kifua kinarudi nyuma, uzito unapungua mbele, na kwenye mchanga gurudumu la mbele linaanza kwenda linakotaka lenyewe. Kebo nazo zina urefu wake. Washa injini, iache ingurume polepole, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta inavutwa, na pikipiki hiyo haitoki uani. Bomba la breki ya mbele, kama breki yako ni ya mafuta na si ya kebo, lisikazike hata usukani ukikatwa hadi mwisho.

Bolti zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji. Hapa kwetu hewa ya bahari hula vyuma, kwa hiyo bolti yenye kutu ibadilishwe, usiilazimishe.

Mikono ya klachi na breki iinamishwe kidogo, ili ukisimama vidole viifikie bila kifundo cha mkono kupinda kwenda juu. Breki ya mguu husahauliwa sana: ukiwa umesimama na buti nene, kanyagio lake likiwa juu mno utalikanyaga bila kukusudia, likiwa chini mno hutalipata kwa wakati.

Mzigo ni shughuli nyingine. Mfuko uliowekwa juu ya tangi usikuguse tumbo unapoinama kupanda kilima, na sanduku la nyuma lisizuie nyonga kurudi unapoteremka kwa breki. Mwavuli wa bodaboda uvuliwe, hilo halina mjadala. Vioo vigeuzwe visigongane na viwiko. Maji, tyubu ya akiba na pampu, hayo unayajua.

Kabla ya safari yenyewe tafuta kipande kifupi cha changarawe ujaribu ukiwa umesimama: macho mbali, vidole vyepesi kwenye vishikio, nyonga zikisogea mbele na nyuma kwa uhuru. Mabega yakichoka mapema, angalia miguu tena kabla ya kugusa usukani. Spana ya kibanio iwe mfukoni, kwa sababu baada ya mtikisiko wa kwanza mrefu utasimama kivulini na kuzipitia bolti zote upya.