Kuvuka Atlantiki kwa yoti ya mita 12: linda kamba, linda usingizi

Kutoka Las Palmas, visiwa vya Canary, hadi Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, ni kama maili 2,700 za baharini. Yoti ya mita 12 hukata maili 120 hadi 140 kwa siku, kwa hiyo hesabuni siku 20 hadi 23. Msiondoke kabla ya mwisho wa Novemba: msimu wa vimbunga hufungwa rasmi tarehe 30, na upepo huwa thabiti zaidi Desemba na Januari. Ni upepo wa kaskazini-mashariki, ndugu yake kaskazi tunayoijua sisi. Shukeni kwanza kusini-magharibi hadi karibu na nyuzi 20 kaskazini na 30 magharibi, ndipo mwelekeze omo, yaani mbele ya yoti, magharibi. Anayekata moja kwa moja kufupisha njia mara nyingi huishia kuelea bila upepo.

Wengi hujiandaa kwa dhoruba. Kwa njia hii na msimu huu, kinachoharibu safari nyingi ni kamba zilizosuguana na watu wasiolala.

Upepo ukiwa wa tezi, yaani wa kutoka nyuma, wiki tatu mfululizo, yoti hulalia huku na kule usiku na mchana, na kila kamba husugua mahali pale pale. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana inakaa juu ya roda (kapi) kileleni mwa mlingoti ambako hakuna anayeiona. Kila asubuhi ilegezeni au ikazeni sentimita 5 hadi 10 ili sehemu nyingine ibebe mzigo. Demani ya tanga la mbele, kamba ya kulivutia na kulilegezea, ivisheni kipande cha mpira wa kumwagilia bustani pale inapogusa chuma. Pitisha kidole juu ya kamba: ukihisi manyoya, igeuze leo leo.

Tanga kubwa likipinduka ghafla, mti wake wa chini hufagia sitaha na unaweza kumuua mtu. Ufungeni kwa kamba imara kutoka ncha yake ya nyuma, ipite kwenye roda huko omo, kisha irudi kwa mshika usukani aweze kuiachia bila kutoka alipo. Msiifunge katikati ya mti: tanga likishika upepo upande wa pili, mti huvunjika hapo hapo.

Punguzeni tanga kila jioni kabla jua halijazama, hata kama mwendo ni mtamu. Wingu jeusi la usiku linaweza kupandisha upepo kutoka noti 18 (maili za baharini kwa saa) hadi 35 kwa dakika chache, na kumwamsha mwenzako saa 8 usiku kupambana na tanga lililojaa ni kumnyang'anya usingizi wa siku mbili.

Kwa watu wanne, usiku unagawanyika vizuri: saa 12 hadi 3, 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12 asubuhi. Kila mtu abaki na zamu ile ile. Siku tatu za kwanza ni ngumu, kisha mwili huzoea. Mpishi wa siku asipewe zamu ya mchana. Mwenye zamu asimame azungushe macho upeo mzima kila dakika 10, hata AIS, kifaa kinachoonyesha meli zilizo karibu, ikiwa kimya, kwani meli inayochomoza upeoni inaweza kuwafikia ndani ya robo saa. Na ajifunge mkanda wa usalama kabla hajatoka ndani. Yoti ikienda noti 6 humwacha aliyeanguka mita 185 nyuma kila dakika. Gizani kichwa hakionekani tena. Akitaka kwenda omo, amwamshe mtu kwanza.

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 30, yaani lita 480 kwa watu wanne. Yagaweni kwenye matangi mawili na madumu, ili moja likivuja au kuchafuka msibaki bila kitu. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari.

Kabla ya kung'oa nanga kubalianeni nani nahodha, pesa za chakula zinachangwaje, na pombe inaruhusiwa lini. Kamilisheni uhamiaji wa kutoka Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani, Canary ikiwemo. Tiketi ya ndege ya kurudi isiwe chini ya wiki moja baada ya siku mnayotarajia kufika.

Mkiwa maili 30 kutoka nchi kavu na usiku unaingia, punguzeni matanga mngoje alfajiri. Mkiingia, pandisheni bendera ya njano, ishara ya kuomba ruhusa ya kuingia nchini. Nahodha peke yake ndiye ashuke na pasi za wote.