Jinsi ya kusoma sarafu za miji ya pwani ya Wagiriki hata kama hujui Kigiriki

Ukitumiwa picha ya hizi sarafu usikimbilie herufi, anza na mchoro. Toa ile sarafu ya kumi mpya ya Kenya mfukoni, si unaona simba, ishirini ni ndovu, na hakuna mtu amekusomea. Wagiriki wa kale waliohama kwao wakajenga miji kwa pwani za watu walifanya hivyo hivyo, mji unachapa kile unajulikana nacho. Metapontum huko kusini mwa Italia ni suke la shayiri, Cyrene kule Libya ni mmea wa silphium waliokuwa wanauza nje, Kyzikos, Uturuki ya leo, ni samaki jodari, na sisi watu wa Kisumu hiyo hatuhitaji kuelezewa. Lakini ile napenda kuliko zote ni ya Olbia, Bahari Nyeusi, Ukraine ya leo, hao walimimina shaba ikawa pomboo mzima, kadogo karibu kama omena, kako na jicho na pezi la mgongoni, na hiyo ndiyo pesa yenyewe!

Sasa herufi. Mara nyingi ni jina la wenyeji, mfano ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ, hiyo ΩΝ ya mwisho inamaanisha "ya watu wa", kwa hivyo ni pesa ya watu wa Syracuse, mji wa kisiwa cha Sicily. Wengine walikata wakaandika META tu, na zile za zamani sana unaweza kupata zimeandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, usishtuke.

Ukipata farasi mwenye mabawa, hapo wengi hukosea wanasema ni Korintho basi. Angalia chini ya tumbo la farasi. Ϙ ni Korintho yenyewe, Λ ni Leukas, Α ni Ambracia, hiyo ni miji iliyozaliwa na Korintho ikabaki na farasi wa mzazi. Hata Syracuse, iliyoanzishwa na Wakorintho karibu 734 KK, ilikuja kuchapa huyo farasi.

Halafu pima, tafadhali usinunue bila kuuliza uzito. Mimi niliuziwa ile ya Taras, mji mwingine wa kusini mwa Italia, kijana amepanda pomboo, nikaipeleka kwa sonara hapa town ikasoma gramu 5 na kitu, na ya fedha ya Taras ilikuwa karibu 8, hata baada ya kupunguzwa karibu 280 KK bado ilikuwa kama 6.5. Iliniuma sana. Nikaizungusha kwa mwanga, ukingoni kuna mshono umezunguka wote, na usoni vitundu vidogo vya hewa, kumaanisha ilimiminwa kwa kalibu, na hizi za fedha ziligongwa kwa nyundo, moja moja, ndio maana hazikai duara sawasawa na mchoro mara nyingi umeenda upande.

Ila pomboo wa Olbia akiwa na mshono usimtupe, hao walimiminwa tangu mwanzo.