Kutumia "very" kwa usahihi: angalia neno linalofuata

Anayeanza Kiingereza hulijua "very" mapema sana, na bado ndilo linalomponza hata akishafika mbali. Sisi tuna "sana", na "sana" halichagui: mrefu sana, polepole sana, ananipenda sana, watu wengi sana. "Very" linachagua. Kila unapotaka kulitumia, jiulize kwanza: linasisitiza neno la aina gani?

Hatua ya 1. Likiwa kivumishi au kielezi, tanguliza "very": "very tall", "very slowly". Kwetu msisitizo hufuata nyuma, kwao hutangulia. Hapo hakuna zaidi.

Hatua ya 2. Likiwa kitenzi, simama. Makosa mengi ninayosahihisha yanatoka hapa. "I very like this song" si Kiingereza. Sema "I like this song very much", na "very much" ikae baada ya shamirisho, isiingie kati ya kitenzi na shamirisho lake. Unaweza pia kusema "I really like this song".

Halafu kuna vitenzi ambavyo "very much" haivifai. Chukua "anakimbia sana". Je, ana mbio, au anakimbia mara kwa mara? Kiswahili kinakuachia uelewe kwa muktadha. Kiingereza kinakudai useme. Mwenye mbio: "she runs very fast". Wa kila mara: "she runs a lot". Na "mvua inanyesha sana" ni "it is raining heavily". Kwa hiyo usianze na neno "sana", anza na unachokusudia: kasi, wingi, nguvu au sauti? Ukishajua, kielezi chake hakitakusumbua.

Hatua ya 3. Unapolinganisha vitu viwili, acha "very". Sema "much better" au "far bigger", kamwe si "very better". Ajabu ni kwamba kwenye kilele linarudi: "the very best" ni sahihi kabisa.

Hatua ya 4. Chunguza kama kivumishi chenyewe kimeshabeba "sana" ndani yake. "Freezing" ni baridi kali mno, "excellent" ni nzuri sana. Kuviongezea "very" ni kurudia jambo lililokwisha kusemwa. Hivyo huchukua "absolutely".

Hatua ya 5. Tenganisha "very" na "too". "The tea is very hot" inaeleza tu kwamba chai ni ya moto sana, na huenda ndivyo unavyoipenda. "The tea is too hot" inasema moto umezidi, hainyweki. "Too" hubeba kasoro, ndiyo maana "thank you too much" humshangaza msikilizaji. Shukrani ni "thank you very much".

Hatua ya 6. Jifunze na sura yake ya pili, ambayo naipenda kuliko zote. "Very" lilitoka Kifaransa cha kale, likimaanisha "kweli", na asili yake ya mbali ni Kilatini "verus". Maana hiyo haijafa. Ukikuta "very" limetanguliwa na "the", "this" au "my", na baada yake ikaja nomino, si "sana" tena. "This is the very book I was looking for": kitabu hiki hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta. "At the very beginning": mwanzoni kabisa. "The very thought frightens me": kulifikiria tu kunaniogopesha. Huku kurudia kwetu, hiki hiki, yule yule, papo hapo, ndiko kunakolipata vizuri kuliko neno lolote moja.

Angalia pia ukanushi. "It is not very good" mara nyingi ni njia ya adabu ya kusema kitu ni kibaya, kwa hiyo ukiambiwa hivyo kuhusu kazi yako, irudie.

Sasa chukua aya uliyoiandika wewe mwenyewe kwa Kiingereza, pigia mstari kila "very", kisha upitishe kila moja katika hatua hizi.