Ukienda Soko la Mabibo kutafuta vya msimu, acha listi nyumbani

Mi listi ya sokoni niliacha kuandika zamani. Ukienda Mabibo na listi utaitumikia hiyo listi, utazunguka saa nzima unatafuta nanasi mwezi ambao nanasi halipo, ukilipata ni dogo na bei ya kuruka, na pembeni yako machungwa yamerundikwa mpaka yanabingirika chini ya meza watu wanayaruka. Beba hela na kikapu, chakula cha wiki utakipanga ukishaona mafuso yameshusha nini.

Nazungumzia lile soko la hapa Dar tunaloliita Mahakama ya Ndizi, ukimtajia boda jina hilo hakuulizi mara mbili. Ndo naloenda mara nyingi, ila mengi ya hapa yanakufaa hata ukiwa Ilala au Temeke Stereo.

Muda. Kama unanunua vya nyumbani fika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Saa 10 na 11 alfajiri ni saa za wenye magenge na mama lishe, wale wanachukua kwa tenga na kwa gunia, makuli wanapita na mzigo kichwani wanapiga kelele "pisha njia!" na kweli upishe, mtu kabeba gunia la viazi hawezi kukukwepa wewe umesimama unachagua karoti. Jioni bei ya majani inashuka sababu mchicha haulali, lakini unakuta wenzako wameshachagua tangu asubuhi.

Vaa nguo ya rangi iliyokolea, utomvu wa ndizi ukishika kwenye shati jeupe ndo basi tena, hakuna sabuni. Mvua ikiwa imenyesha vaa buti. Kikapu chako cha ukindu au mfuko mgumu ni lazima, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hii laini tunayouziwa pale inakatika masikio kabla hujafika barabarani. Hela iwe ya kuvunjavunja, buku na jero, ukitoa noti ya elfu 10 saa 12 asubuhi unamsumbua muuzaji na chenji hana.

Sasa ukiingia usinunue kitu. Zunguka soko zima mara moja mikono mitupu. Kitu unachokikuta kimejaa kila meza ndo msimu wake huo, na kitu kiko kwa mtu mmoja tu kimepangwa vitatu vitatu ujue kimeisha au bado hakijaanza. Alaf swali la kuuliza kabla ya bei ni "hii ya wapi, na mzigo umeingia lini?" Anayejua mzigo wake atakujibu palepale, "hizi nyanya za Ilula zimeingia usiku", "kabichi ya Lushoto hiyo, jana", "vitunguu vya Mang'ola". Anayejibu "za shamba" huyo muage kwa heshima uendelee mbele.

Ukishazoea kuuliza hivyo unaanza kuijua nchi kwa miezi yake. Kuanzia kama mwezi wa 6 machungwa ya Muheza yanamiminika, mwisho wa mwaka nanasi za Kiwangwa kule Bagamoyo, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 1 au wa 2 hivi embe ndo zimetawala, dodo, bolibo, sindano, soko zima linanukia. Viazi mviringo vinashuka kutoka Njombe na Mbeya. Masika yakikolea nyanya zinapanda bei kwa sababu mvua nyingi inaleta ukungu shambani, na mchicha wa mabondeni hapa mjini unazama, kwa hiyo mwezi wa 4 usimgombeze mama wa watu kwamba kapandisha, na yeye kanunua ghali. Wiki hizo pika bamia, pika nyanya chungu, pika kunde, nyanya ziweke mbili tu za kuonja rangi.

Kuchagua. Hapa nitakaa kidogo maana ndo hela zinapopotelea.

Chungwa: watu wa hapa mjini tumeharibiwa na yale ya supamaketi ya rangi ya machungwa kama yamepakwa, tukiona la kijani tunasema halijaiva. Chungwa la Muheza linaiva likiwa na kijani chake, ganda linahitaji baridi ndo lipoteze ukijani na huku kwetu baridi hiyo haipo. Usiliangalie rangi, linyanyue. Lishike kiganjani, chukua na jingine la saizi ileile mkono wa pili, lililo zito ndo lina maji, na ganda lake litakuwa laini linang'aa, halina vishimo vikubwa. Lile jepesi lenye ganda gumu nene utakamua mpaka vidole viume.

Embe nalo linadanganya kwa njano. Embe lililochumwa changa likavundikwa linageuka njano nje vizuri tu, ukilikata karibu na kokwa ni jeupe na linakwaruza ulimi. Linuse pale kwenye kikonyo. Kama limekomaa mtini harufu inakuja yenyewe, na mabega yake pande mbili za kikonyo yamejaa yamepanda juu. Lisilonukia kitu acha, hata kama ni zuri kama picha.

Ndizi, na hapa ndo kwao. Sema kwanza unapika nini usije ukachanganyiwa. Unakaanga, taka mzuzu. Unapika na nyama au na nazi, taka bokoboko, au mshare za Moshi, au bukoba. Za kula mbivu, kisukari au mtwike. Angalia kidole cha ndizi yenyewe, ikiwa bado ina pembe kali kama penseli imekatwa mapema, iliyokomaa imejaa imekuwa ya mviringo. Nunua chana moja moja kama huna familia kubwa, mkungu mzima unaiva kwa pamoja na utalia.

Vipimo. Sado ni lile kopo la rangi la lita 4, debe ni lita 20, na fungu ni macho yako tu. Sado igeuze uone kitako, zipo zilizobonyezwa ndani. Fungu lichungulie kwa nyuma, mazuri mara nyingi yamepangwa mbele. Na usikubali kumwagiwa moja kwa moja kwenye mfuko. Mimi niliwahi kumwagiwa sado ya vitunguu hivyo, kufika nyumbani nusu vimeota na vingine vimeoza katikati, roho iliniuma sana, ile ilikuwa hela ya mboga ya wiki nzima. Siku hizi naomba vimwagwe kwenye ungo kwanza, na muuzaji mwaminifu hakatai. Kwa wanaonunua gunia, lile lenye kilemba cha lumbesa juu lisikufurahishe, sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100 na lumbesa ni mkulima anayeumia kule shambani, anauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Nunua kwa mizani ukipata pa kupimiwa.

Kupatana bei kunaanza na salamu, tafadhali. Mi naendaga hivi, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." "Mama bilinganya fungu bei gani?" "Buku tu." "Haya nipe mawili, ila niongeze na moja basi." Omba nyongeza kuliko kukata bei. Bei yake imeshabeba nauli ya lori, ushuru na kuli, ukimkandamiza sana atakubali kwa sababu hana jinsi. Nyongeza anakupa kwa moyo, na ukirudi kwake wiki ya pili na ya tatu unakuwa mteja, anaanza kukuambia mwenyewe "leo usichukue hizi hoho, kesho kutwa unakuja mzigo mzuri". Ushauri huo huupati kwingine.

Kupanga kikapu: viazi, vitunguu na machungwa chini, ndizi katikati, nyanya na majani juu kabisa. Mzigo ukizidi mtafute mwenye mkokoteni akufikishe kwenye bajaji, patana kabla hajanyanyua.

Ukifika nyumbani mchicha na matembele yafungue kamba haraka, yakibaki yamebanwa yanachemka yenyewe. Nyanya usizioshe mpaka unapika. Embe ambazo bado zitandaze kwenye ungo zisigusane, kila asubuhi zibonyeze kidogo karibu na kikonyo, inayobonyea ndo ya leo, na friji isubiri mpaka ziive.