Jinsi ya kuendesha kampuni ya kuzoa taka bila gari kukufilisi

Kila mtu anayeniuliza namna ya kufungua kampuni ya kuzoa taka anaanza na gari, nichukue la tani ngapi, jipya au lililotumika, la kushindilia au la wazi. Jamani gari lisubiri kwanza. Chukua daftari utembee mtaa kwa miguu, kwa sababu kwenye hii kazi hela inapatikana kwenye ruti na inapotelea kwenye gari, na ukikosea ruti hata upewe gari la bure litakula hela yako yote.

Angalia waliofika mbali. Waste Management ya Marekani, siku hizi wanajiita WM, mizizi yake ni mhamiaji wa Kiholanzi Harm Huizenga aliyeanza kubeba taka Chicago mwaka 1893 na mkokoteni, dola 1.25 kwa mzigo mmoja. Kampuni yenyewe ilizaliwa 1968 pale mjukuu wake Wayne Huizenga, Dean Buntrock na Larry Beck walipounganisha biashara zao za kuzoa taka, 1971 wakauza hisa kwa umma halafu wakaanza kununua wazoaji wadogo wadogo mmoja baada ya mwingine. Sasa fikiria faida ya kumnunua jirani ni nini: mtaa mmoja ukipitiwa na magari ya kampuni mbili, kila moja linasimama nyumba moja linaruka tatu, mafuta yanaungua mara mbili, mishahara mara mbili, na taka ni zile zile. Mtaa wote ukiwa wako gari linasogea mita chache linasimama, linasogea linasimama, na linajaa kabla jua halijawa kali.

Wewe huna hela ya kumnunua mtu, sawa, basi chagua eneo dogo ulijaze kabla hujavuka barabara kubwa. Wateja mia mbili waliobanana ni bora kuliko mia nne waliotawanyika, nimeliona hili mara nyingi sana. Mteja wa mbali akikupigia mwambie ukweli, kwamba mtafika upande wake wakishapatikana wenzake. Kukataa hela kunauma najua, lakini ile safari ya kwenda kwake peke yake inakula faida ya nyumba kumi.

Halafu piga hesabu ya uzito. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 inasema mtu mmoja duniani anatoa kwa wastani kilo 0.74 za taka kwa siku, ila kati ya nchi na nchi inaanzia 0.11 mpaka 4.54, kwahiyo usiibebe hiyo namba kama ya mtaa wako, omba nyumba kama ishirini zikuwekee taka za wiki nzima uzipime mwenyewe. Tuseme umepata hiyo hiyo 0.74, una nyumba 500 zenye watu watano watano, hapo ni kilo 1,850 kwa siku. Unazoa Jumatatu na Alhamisi. Wengi watachukua taka za wiki nzima wagawe kwa mbili wapate kilo 6,475 kila zamu, na hapo ndo wanapokosea, maana Alhamisi unakuta taka za siku tatu, kilo 5,550, na Jumatatu unakuta za siku nne, kilo 7,400. Gari lako likiwa la ule wastani kila Jumatatu unaacha karibu tani nzima mtaani na simu za malalamiko zinaanza mchana huo huo. Na usijaribu kupunguza iwe mara moja kwa wiki kama sehemu ina joto, yai la nzi linaweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 mpaka 10, ukichelewa kidogo tu unawalea.

Sasa ndo tunakuja kwenye gari. Lile la kushindilia lina maana kubwa pale taka zikiwa nyepesi, maboksi, chupa, mifuko, unabeba hewa tu usipozibana. Taka zikiwa ni maganda na mabaki ya chakula tayari ni nzito zenyewe, ukizibana unakamua maji tu, unavuka uzito ulioruhusiwa barabarani na unakarabati haidroliki, ile mitambo ya kubania taka, kila mwezi, kwa taka za hivyo gari la wazi lenye turubai linatosha kabisa. Na kabla hujasaini mteja wa kwanza nenda dampo ukajue wanatoza kwa tani au kwa gari, foleni ikoje, wanafunga saa ngapi, ujue pia njia ikoje wakati wa mvua. Masaa gari linayokaa foleni unayalipia wewe.

Watu wako uwape buti na glavu nene, wapate chanjo ya pepopunda na homa ya ini B, na taka za hospitali msizichanganye kabisa na za majumbani, zina leseni yake na gari lake. Gari likirudi nyuma asiwepo mtu kwenye ngazi ya nyuma, hata kwa mita mbili. Hilo kwangu halina mjadala, mtu akilivunja ashuke.

Sasa lile la gari kupoteza hela. Februari 1998 hiyo hiyo Waste Management ilirekebisha hesabu zake za 1992 mpaka 1997, faida kabla ya kodi ilikuwa imezidishwa dola bilioni 1.7, na mwaka 2002 SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ikawashtaki mabosi wake wa zamani. Moja ya mbinu zilizotajwa ni magari ya taka, kwenye vitabu yaliongezewa miaka ya kuishi na bei ya kuja kuuzwa chakavu, ili uchakavu, yaani thamani ambayo gari linapoteza kila mwaka, uonekane mdogo na faida ionekane kubwa. Wazoaji wadogo tunafanya hivyo hivyo bila hata kujua, hela ikibaki mwisho wa mwezi tunaita faida kumbe ni gari tunalila. Sakafu inaliwa na maji ya taka, klachi inakufa kwa kusimama simama, tairi zinachanika dampo. Chukua bei uliyonunulia, toa bei ambayo fundi wa vyuma chakavu atakupa kweli, gawa kwa idadi ya safari ambazo kwa ukweli gari litaenda kabla halijachoka, na hiyo hela iingie akaunti ya peke yake kila gari likitoka dampo, kabla ya mshahara wako wewe.