Namna ya Kujadili Mapenzi ya Gikonyo na Mumbi

Kwa kikao cha saa mbili hapa Nairobi, wape wasomaji wiki tatu na riwaya ya A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967), inayowahusu Gikonyo na mkewe Mumbi wakati wa vita vya Mau Mau na uhuru wa Kenya. Kila mmoja agawe ukurasa wa daftari safu mbili: majeraha ya Gikonyo, majeraha ya Mumbi.

Safu ya Gikonyo hujaa upesi: kizuizi cha miaka sita, kiapo cha Mau Mau alichokiri ili arudi nyumbani, mtoto anayemkuta ambaye Mumbi amezaa na Karanja, mpinzani wake. Ya Mumbi hubaki karibu tupu, na hapo ndipo mjadala huharibika. Watu humhesabia kosa kabla ya kuhesabu njaa, nyumba iliyochomwa na miaka ya kungoja. Ijazeni kwanza.

Kisha ulizeni nani anamwambia nani. Wote wawili wanamfungulia moyo Mugo, mwanakijiji mwenzao, si wao kwa wao. Kwangu huu ndio ufunguo wa riwaya. Someni simulizi ya Mumbi kwa sauti, kurasa mbili zatosha.

Bakizeni dakika 20 kwa sura ya mwisho, Gikonyo akiwa hospitalini. Msikimbilie kuiita upatanisho: Gikonyo anawaza kigoda atakachochonga, ilhali Mumbi anataka kwanza wazungumze, bila haraka.